Kulinganisha shaba na alumini mezani: vipimo saba, kuanzia mzani hadi mrututu

Ukiwauliza wanafunzi ipi inaingia kwa urahisi zaidi katika mabadiliko ya kikemia, shaba au alumini, wengi hujibu shaba. Wameiona ikiota ukijani, na sufuria ya alumini nyumbani imekaa miaka bila kutu. Ukweli ni kinyume, tena kwa mbali sana. Mimi nafundisha kemia ya vitendo, na jozi hii naipenda kuliko zote kwa sababu ukiyasoma majedwali peke yake utashangaa, lakini ukiiweka mezani utaona sababu kwa macho yako.

Vifaa: waya wa shaba, waya au foili ya alumini, sumaku, msasa, plaizi, mzani wa jikoni, silinda ya kupimia ya mililita 100, chumvi, mrututu kidogo kutoka duka la pembejeo, glavu na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya 1: Hakikisha ulichonacho ndicho

Shaba nzuri ya kuanzia ni waya wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba, ile ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu wanaiita kopa. Ivue plastiki yote. Kopo la soda ni aloi ya alumini na linaweza kutumika, ila lipige msasa pande zote mbili, maana nje lina rangi na ndani lina utando wa plastiki.

Pitisha sumaku. Shaba wala alumini havivutwi. Kikinata, ni chuma kilichopakwa rangi ya kitu kingine. Kisha kata waya wako wa shaba na utazame pale ulipokatika kwenye mwanga wa jua. Ukiona moyo mweupe umezungukwa na duara jembamba jekundu, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba. Madukani zipo nyingi, na kwa kazi yetu hii hazifai.

Hatua ya 2: Pima densiti

Kusanya gramu 100 za kila metali. Jaza silinda maji hadi mililita 50, tumbukiza waya uliokunjwa, gonga silinda ili mapovu yatoke, kisha soma maji yamepanda kiasi gani. Shaba itapandisha maji kwa mililita 11 hivi, alumini kwa mililita 37. Gawanya uzito kwa ujazo: shaba ni gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, alumini ni 2.70. Waya ule uliovishwa huangukia gramu 3.3 hadi 3.6, kutegemea unene wa shaba iliyopakwa, kwa hiyo mzani unaufichua hata kama jicho limedanganyika.

Kwa nini tofauti ni zaidi ya mara tatu? Atomu za metali zote mbili zimepangwa kwa mtindo uleule wa fuwele, kwa hiyo mpangilio sio sababu. Atomu ya shaba, yenye namba atomia 29, ina uzito wa mara 2.35 ya ile ya alumini yenye namba 13. Pamoja na uzito huo, ni ndogo kidogo, kwa hiyo zinakaribiana zaidi. Mambo hayo mawili yakizidishwa yanatoa karibu kabisa ile tofauti uliyoipima. Hapo ndipo namba za jedwali zinapoanza kuwa na maana.

Hatua ya 3: Joto na umeme

Dondoshea matone ya nta kwenye waya mbili zenye unene sawa, kila baada ya sentimita 2, kisha pasha ncha zake kwa mshumaa mmoja. Vitabu vinasema upitishaji joto wa shaba ni wati 401 kwa mita kwa kelvini na wa alumini 237, kwa hiyo utategemea shaba ishinde kwa mbali. Haitashinda kwa mbali. Itatangulia kidogo tu, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya shaba inahitaji joto jingi zaidi ili ipande nyuzi moja, na kasi ya nta kuyeyuka inategemea mambo yote mawili. Usidhani umekosea jaribio.

Umeme tuupige hesabu, maana mita ya kawaida haiwezi kusoma ukinzani mdogo hivi kwa uhakika. Mita 100 za waya wa milimita 2.5 za mraba zina ukinzani wa omu 0.67 zikiwa za shaba, na 1.06 zikiwa za alumini. Ili alumini ilingane na shaba, inabidi eneo la mkato wake liwe mara 1.6. Hata hivyo, ikishanenepa hivyo, uzito wake bado ni chini kidogo ya nusu ya ule wa shaba. Ndiyo sababu laini kubwa za umeme zinazopita juu ya nguzo ni za alumini, mara nyingi zikiwa na moyo wa chuma wa kuzipa nguvu, na nyaya za ndani ya nyumba ni za shaba.

Hatua ya 4: Moto

Shika ncha ya waya wa shaba kwa koleo juu ya moto wa gesi. Kwanza zinapita rangi za zambarau na dhahabu, kisha uso unakuwa mweusi. Huo ni oksidi ya shaba, na ikipoa unaweza kuibambua kwa kucha. Shaba yenyewe haiyeyuki hapo kwa urahisi, kwa kuwa inahitaji nyuzi 1085.

Sasa weka ukanda mwembamba wa alumini, na usiondoe macho. Haibadiliki rangi. Haiwaki nyekundu. Ghafla inalegea na kuning'inia kama uji ndani ya mfuko, lakini haidondoki. Alumini imeyeyuka kwa nyuzi 660, ila imefunikwa na utando wa oksidi yake ambao hauyeyuki hadi nyuzi 2072. Utando huo una unene wa nanomita chache tu, hauonekani, na ukiukwangua unajijenga upya papo hapo hewani. Kila kitu kitakachofuata kinaelezwa na utando huu.

Hatua ya 5: Asidi na alkali

Hii ifanyike maabara, madirisha wazi, pasipo moto wowote karibu. Kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, shaba inakaa tu. Alumini nayo mwanzoni inaonekana imelala, kisha utando unapokwisha, mapovu ya haidrojeni yanafoka na neli inakuwa ya moto. Tumia kipande kidogo sana.

Kwenye kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, shaba tena haifanyi kitu, na alumini inatoa haidrojeni kwa nguvu. Alumini inashambuliwa na asidi na alkali pia, jambo ambalo metali nyingi hazina. Ukitaka mfano wa jikoni, tazama sufuria iliyopikiwa maharage yenye magadi: inafifia na kuwa nyeusi pale maji yalipofika.

Asidi ya nitriki iliyokolea inageuza meza. Shaba inaliwa huku ikitoa moshi wa kahawia wenye sumu, na alumini inatulia kiasi kwamba asidi hiyo husafirishwa kwenye matangi ya alumini. Nitriki inaimarisha utando badala ya kuuondoa. Hili lisome tu, usilijaribu.

Hatua ya 6: Mrututu

Mrututu ni salfeti ya shaba, wakulima wa kahawa wanaujua kwa kuuchanganya na chokaa. Vaa glavu. Yeyusha kijiko cha chai katika mililita 100 za maji ya vuguvugu, gawa kwenye glasi mbili ambazo hazitatumika tena kwa kunywea, na moja uitie kijiko cha chumvi. Weka kipande cha alumini katika kila glasi.

Kwenye glasi isiyo na chumvi, kwa muda mrefu hutaona kitu. Kwenye ile ya pili, rangi inaelekea kijani, halafu kingo za alumini zinaanza kuvaa unga mwekundu wa kahawia. Unga unakua, unadondoka, mapovu yanatoka, glasi inapata joto mkononi, na ubuluu unafifia. Unga ule ni shaba. Kloridi ya chumvi imetoboa utando, na alumini imeisukuma shaba nje ya myeyusho na kuchukua nafasi yake. Kwenye mfululizo wa volti, yaani orodha inayopanga metali kwa wepesi wake wa kuachia elektroni, shaba iko +0.34 na alumini −1.66, pengo la volti 2.

Pengo hilo linaeleza historia pia. Shaba imeng'ang'ania oksijeni kidogo tu, kwa hiyo wafua shaba wa Katanga waliitoa kwenye mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto kwa karne nyingi. Alumini ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1825, na haikuwa rahisi kuipata hadi 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, namna ya kuitoa kwa umeme.

Usimwage mrututu mtoni wala bwawani, unaua samaki. Acha alumini ndani hadi ubuluu uishe, chuja, na mabaki yapeleke maabara.

Hatua ya 7: Kagua viungio

Sasa nenda pale waya wa alumini unapokutana na wa shaba, kwa mfano umeme unapoingia nyumbani. Usiguse, tazama tu. Kama zimesokotwa pamoja bila kitu kati, unyevu ukiingia zinakuwa kama betri, kwa sababu ya tofauti ileile ya metali uliyoiona kwenye glasi, na anayeliwa ni alumini. Isitoshe, alumini hutanuka zaidi ikipata joto, kwa hiyo kiungio kinalegea, ukinzani unapanda, kinaungua. Ukiona unga mweupe, plastiki iliyokunjamana au weusi hapo, mwite fundi mwenye leseni azime umeme, asugue ncha ya alumini, aipake grisi yake maalumu, na afunge kiungio kilichotengenezwa kwa metali mbili, upande mmoja alumini na mwingine shaba.