Kabla hujagusa NAT kwenye ruta: mambo ya kuzingatia

Wengi wakiambiwa wapange NAT, yaani ruta itafsiri anwani za ndani kuwa anwani yake ya nje, ili watu kadhaa watumie laini moja ya intaneti, hukimbilia amri. Mimi huanza na anwani. Amri zenyewe hazizidi mistari minne au mitano, na mara nyingi kinachokwamisha si hizo.

Fungua ukurasa wa hali ya ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa nje, yaani WAN, kisha iandike. Ikianza na 10 na nukta, au na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, hiyo si anwani ya umma. Ni ya yale mafungu ya matumizi ya ndani yaliyotengwa kwa RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti, mwaka 1996. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi yaelekea mtoa huduma naye ana NAT yake juu ya yako. Kuperuzi kutakwenda vizuri tu. Lakini kamera au seva unayotaka kuifikia ukiwa mbali hutaifikia hata ufungue poti zote (namba za milango ya mawasiliano) za ruta yako, maana mlango wa juu si wako. Muulize mtoa huduma mapema kama anaweza kukupa anwani ya umma, au kama modemu yake inaweza kuwekwa ipitishe tu bila kutafsiri.

Ukishaijua ya nje, chagua ya ndani isiyogongana nayo. Niliwahi kukesha nikikagua sheria za NAT moja moja, zote sahihi, na hakuna pakiti, yaani kipande cha data, iliyotoka. Kulipokucha ndipo nikaona: modemu inagawa 192.168.1, na ruta yangu nayo inagawa 192.168.1. Ruta haiwezi kujua upande upi ni upi. Tangu hapo huchukua fungu lisilopendwa na watengenezaji, kama 192.168.57, lenye anwani 254 za kutumia, moja ikiwa ya ruta yenyewe. Acha chache nje ya DHCP, huduma inayogawa anwani kwa vifaa, kwa ajili ya printa na vifaa vingine visivyotakiwa kuhamahama.

Chora njia ya pakiti kwenye karatasi kabla hujaandika sheria. Kompyuta yenye 192.168.57.20 inafungua tovuti kwa kutumia poti 51000. Ruta inafuta anwani hiyo, inaweka yake ya nje, tuseme 203.0.113.7, na kuandika kwenye jedwali lake: poti hii ni ya nani. Jibu likirudi, inatazama jedwali na kulipeleka kwa mwenyewe. Kompyuta ya pili ikija na poti 51000 hiyohiyo, ruta inaibadilishia namba ili wasichanganyike. Jedwali hilo linakula kumbukumbu, na ruta ndogo yenye watumiaji wengi huanza kusuasua likijaa, hata kama laini ina kasi. Kwa hiyo hesabu vifaa. Usihesabu watu: mtu mmoja siku hizi ana simu, kompyuta na saa.

Mchoro huo ndio unaokuambia cha kuandika: kiolesura (tundu la mtandao la ruta) kipi ni cha ndani, kipi cha nje, na anwani zipi zinaruhusiwa kutafsiriwa. Anayetumia Linux kama ruta ahakikishe net.ipv4.ip_forward, ruhusa ya kupitisha pakiti, ni 1, na mpangilio huo udumu baada ya kuwasha upya. Anwani ya nje ikiwa inabadilika, tumia sheria ya masquerade, inayochukua anwani yoyote iliyopo kwenye kiolesura wakati huo. Ikiwa haibadiliki, itaje moja kwa moja.

Usiichukulie NAT kuwa mlinzi. Inaficha vifaa, lakini kazi ya kuzuia ni ya fayawoli, sheria zinazochuja pakiti. Na kama mtoa huduma anatoa IPv6, mfumo mpya wa anwani, vifaa vyako kwa kawaida vitatoka kwa anwani zao wenyewe bila kupitia NAT kabisa. Andika sheria za upande huo pia.

Mengine ni ya haraka. Hifadhi nakala ya mipangilio iliyopo. Kama laini yako huingia kwa jina na nenosiri kupitia PPPoE, yaweke karibu, ukikumbuka kwamba laini hiyo kwa kawaida ina MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) ya 1492, si 1500. Ukisahau, baadhi ya tovuti zitafunguka na nyingine zitaganda. Fanya kazi ukiwa umechomeka kebo kwenye ruta yenyewe, kwa sababu ukikosea ukiwa mbali umejifungia nje.

Panga pia namna ya kujaribu. Piga ping (amri ya kuuliza kama anwani inajibu) kwa 8.8.8.8, anwani ya Google, kutoka kwenye ruta, kisha kutoka kwenye kompyuta, kisha fungua tovuti kwa jina. Ya kwanza ikigoma, tatizo ni laini. Ya kwanza ikipita na ya pili ikagoma, hapo ndipo uanze kuishuku NAT. Ikigoma ya mwisho peke yake, iache NAT kama ilivyo, kaangalie DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.