Namna ya kuchagua kizibo cha jino ukiwa Arusha

Kabla daktari wa meno hajaanza kulichonga jino lililotoboka, muulize atalizibia kwa kitu gani. Amalgamu, ule mchanganyiko wa rangi ya fedha, hudumu miaka mingi, lakini takriban nusu ya uzito wake ni zebaki, metali yenye sumu, na ndiyo maana mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima.

Kompositi, aina ya plastiki iliyochanganywa na chembe ngumu, hufanana na jino na hugandishwa kwa mwanga wa buluu, ila mate yakiingia kidogo tu, haishiki sawasawa. Sisi tuliokunywa tangu utotoni maji yenye floraidi nyingi ya kuzunguka Mlima Meru, hata meno yakawa ya kahawia, tumweleze daktari mapema, kwa kuwa gundi ya kuishikiza kompositi hushika kwa shida kwenye meno ya namna hiyo.

Glasi-ayonoma, aina ya saruji ya meno, hujishikiza yenyewe na hutoa floraidi kidogo inayosaidia kulinda jino. Ndiyo inayotegemewa na ile njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine, iliyoanzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kwenye magego glasi-ayonoma hulika upesi zaidi, hivyo urudi kukaguliwa.