Jinsi ya Kutambua Spishi ya Irisi Mwitu Yenye Ndevu

Anayekutana na irisi zilizochanua kwenye miteremko ya mawe ya Balkani au ya kusini mwa Ufaransa wakati wa majira ya kuchipua huvutwa kwanza na rangi, ilhali rangi ndiyo shahidi asiyeaminika kuliko wote. Katika kundi moja la Iris lutescens au la Iris pumila, maua ya manjano na ya zambarau huota bega kwa bega, na yote ni ya spishi ile ile.

Hakikisha kwanza kwamba ndevu zipo. Ua la irisi lina petali tatu zilizosimama na tatu zilizoinama, na ndevu ni ule mstari wa nywele nene unaopita katikati ya kila petali iliyoinama. Iris pseudacorus, ile ya manjano inayoota kwenye maji, haina nywele hizo, iache.

Kama mmea ni mfupi, hapana budi kupiga magoti. Tafuta ovari, yaani kile kivimbe cha kijani kilichofichwa na vijani viwili vinavyokumbatia kitako cha ua. Kilicho chini ya ovari ni bua. Kilicho juu yake, hadi petali zinapoachana, ni neli. Iris pumila karibu haina bua kabisa, bali ua lake hunyanyuliwa na neli ya sentimita 5 hadi 10, ambayo wengi huidhania kuwa bua. Iris lutescens ina bua la kweli, na neli yake ni fupi zaidi.

Baada ya hapo pitisha kidole mgongoni mwa vile vijani viwili, ambavyo kwa maoni yangu vinasema mengi kuliko ua lenyewe. Vikiwa na ukingo mkali kama mkuku wa jahazi, fikiria Iris reichenbachii ya Serbia, Bulgaria na kaskazini mwa Ugiriki, au Iris suaveolens, ambayo ni fupi zaidi. Vikiwa vimekauka na kuwa vyeupe kabisa hali ua bado ni bichi, na bua ni refu, hiyo ni Iris pallida, ambayo kwao ni Dalmatia, yaani pwani ya Kroatia. Bua linalotoa matawi kuanzia chini ya nusu yake huelekeza kwenye Iris aphylla.

Jihadhari na irisi zilizo karibu na magofu na makaburi, kwa kuwa nyingi zilipandwa na watu. Iris albicans, nyeupe, yenye asili ya Bara Arabu, imepandwa tangu zamani kwenye makaburi ya Waislamu hadi ikaenea pande nyingi za Mediterania.

Piga picha ya ovari, neli na vijani hivyo pamoja na rula, wala usiung'oe mmea. Nchini Ugiriki, hata hivyo, picha huenda isitoshe: Iris attica hufanana mno na Iris pumila, ingawa ni ndogo zaidi, na tofauti ya uhakika huonekana kwenye hadubini, ambapo ya kwanza ina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 16 na ya pili kwa kawaida 32.