Kujitengenezea ndege ya mabawa mawili ya mtu mmoja ukiwa huku kwetu Mtwara

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya yule kijana wa Mikindani au Lindi mjini ambaye kila ndege ikipita juu anasimama kuangalia mpaka ipotee. Mimi nipo mwaka wa nne najenga ya kwangu ya mabawa mawili, yaani bawa la juu na bawa la chini, mabawa yameshavikwa kitambaa, mwili umekamilika, na kitu kikubwa nilichojifunza ni kwamba michoro imechorwa na watu wa ng'ambo, kwahiyo asilimia kubwa ya kazi yako huku pwani ni kupambana na unyevu na chumvi. Ukilijua hilo mapema utaokoa miaka.

Kwanza chagua michoro iliyothibitika, usibuni ya kwako. Pitts ya Mmarekani Curtis Pitts imeruka tangu 1944, mwili ni mabomba ya chuma na mabawa ni mbao, lakini ina haraka sana na kwenye kutua haina huruma, sio ya kuanzia. Smith Miniplane ya 1956 nayo ni mabomba na mbao. Kama mkono wako ni wa useremala angalia za Uingereza, Currie Wot ya 1937 au Isaacs Fury iliyoruka 1963, hizo ni mbao karibu mwili mzima. Mimi nilienda na mbao kwa sababu huku kwetu mafundi mashua wapo, mtu anayejua kusoma mti kwa macho, na huyo ni hazina kuliko mashine yoyote.

Na kabla hujatoa hata shilingi, andika barua TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, uwaambie unataka kujenga nini. Usajili wa 5H, yaani alama ya ndege za Tanzania, na kibali cha kuruka vinatoka kwao, na mkaguzi anatakiwa aone kazi ikiwa wazi, maana ukishafunika kitambaa hakuna anayeona gundi tena. Piga picha kila hatua, tunza risiti zote.

Haya mbao sasa. Michoro itakwambia spruce ya Sitka, mbao ya Amerika Kaskazini, ambayo ni nyepesi, kama kilo 400 kwa mita ya ujazo. Watu watakwambia mbona mbao tunazo, weka mninga. Hapana kaka. Mninga ni mzuri kwa kitanda na mlango ila ni mzito mno kwa boriti ya bawa, ule mti mrefu unaobeba bawa zima, na mpingo wa Kilwa ndio usiseme, unazama majini. Paini za kwetu zimekua haraka, pete za ukuaji zimeachana, na vifundo kila mahali. Kipimo cha mbao ya ndege ni hiki: nyuzi zisikengeuke zaidi ya 1 kwa 15, yaani kwenye urefu wa sentimita 15 nyuzi isihame zaidi ya sentimita 1, na ndani ya inchi moja uhesabu pete zisizopungua 6. Boriti agiza nje tu, hapo usibane pesa. Mbao zikifika usikate siku hiyohiyo, zilaze bandani wiki kadhaa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite, zizoee, na zikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 12 subiri. Mimi masika sigusi gundi kabisa, nachonga vyuma na kupiga msasa, basi.

Gundi ni epoksi ya ndege, sio ya kabati. Kila ukichanganya, gundisha vipande viwili vya mabaki ya mbao pembeni, andika tarehe, vikikauka vipasue kwa nyundo na patasi. Mbao ikipasuka yenyewe na gundi imebaki, uko salama. Gundi ikiachia, kazi yote ya siku ile unaitoa na kurudia hata kama roho inauma. Nimeshatoa mbavu 6 za bawa la chini, vile vipande vinavyolipa bawa umbo, kwa sababu hiyo, jasho lilidondokea kwenye kiungo nikajipa moyo kwamba litakauka, halikukauka.

Vyuma vyote paka praima ya epoksi kabla ya rangi, mabomba mimina mafuta ya kitani ndani, geuzageuza, alafu yamwage yote. Na kama banda lako liko kwenye mikorosho, kipindi cha kupuliza salfa ya ubwiri unga funika injini na waya zote, ile poda inaingia kila tundu na ikikutana na unyevu inashambulia shaba.

Kitambaa ni cha poliesta, unagundisha, unakivuta kwa pasi, kwanza kama nyuzi joto 120 za Selsiasi alafu mwisho 177, usizidishe. Pasi ya nyumbani usiamini namba zake, ipime kwa kipimajoto, na umeme ukicheza simamisha kazi. Baada ya hapo unashona kwa mkono kila ubavu, hii mama zetu wanaofuma mikeka watakufundisha subira.

Sasa moyo wa ndege ya mabawa mawili ni waya. Kuna waya za kubebea, hizo zinashika mabawa yasipinde kwenda juu ukiwa hewani, na kuna waya za kutulia zinazobeba uzito wa mabawa ukiwa chini. Weka mwili sawa kwa pima maji, shusha timazi kutoka bawa la juu upime limetangulia la chini kiasi gani, kulia na kushoto zifanane, alafu kaza kidogokidogo kwa zamu. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho ndio unaanza mwingine, umeshaipinda. Kila skrubu ya kukazia ifungwe waya wa usalama.

Mizani ni lazima. Mfano magurudumu ya mbele kila moja kilo 130, mkia kilo 15, na mkia uko mita 4 nyuma ya ekseli: 15 mara 4 ni 60, gawa kwa uzito wote 275, kitovu cha uzito kiko sentimita 22 nyuma ya ekseli. Linganisha na mchoro. Fanya ukiwa umekaa ndani, na tena tanki likiwa tupu.

Kurusha, usijaribu bila kufundishwa na mwalimu kwenye ndege ya viti viwili yenye gurudumu la mkia, kwa sababu yako haina kiti cha mwalimu. Uzito ukiwa nyuma ya magurudumu, mkia unataka kukutangulia, miguu lazima icheze kwenye pedeli muda wote mpaka ndege isimame kabisa. Mbele huoni kwa sababu pua imeinuka, kwahiyo chini unatembea kwa nyokanyoka. Siku ya kwanza toka alfajiri, saa 12 na nusu, kabla kusi haijaamka. Sukuma fimbo kushoto uangalie eleroni ya kushoto, ile sehemu inayocheza nyuma ya bawa, imepanda kweli, watu wamekufa kwa waya zilizofungwa kinyume. Injini ikizima usiwaze chochote, shusha pua hapohapo, ndege hii ina upinzani mkubwa wa hewa na mwendo unaisha kwa sekunde. Panda futi 3,000, punguza mwendo taratibu mpaka istoli, yaani mabawa yashindwe kuibeba, soma mwendo, zidisha kwa 1.3, huo ndio wa kuja kutua. Ikistoli kwenye 80 njoo na 104. Na ukipunguza nguvu ya injini vuta kipini cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta, joto letu lisikudanganye, hewa yetu ina maji mengi na barafu inaganda mle ndani hata nje ikiwa nyuzi 28.

Ukishatua, usiirushe tena siku hiyo. Fungua vifuniko, pitia waya moja moja kwa mkono, maana baada ya safari ya kwanza zinalegea, kaza, funga upya, andika kwenye daftari. Marekani kwa kawaida wanakutaka saa 40 za majaribio peke yako kabla ya kwenda mbali, au 25 kama injini na propela vina cheti. Mimi nitafanya 40.