Kujenga jina la mkopaji ukiwa bado chuoni: mwongozo kwa wanachuo wa Mbeya na Iringa

Nakaa dawati la mikopo hapa Mbeya, na swali ninaloulizwa sana na vijana wa vyuo vya MUST na TEKU na wenzao wa Mkwawa, Iringa, ni hili: "Kaka, nichukue kadi gani ya mkopo nianze kujenga jina?" Ukweli ni kwamba benki zetu hutoa kadi ya mkopo kwa mtu mwenye mshahara unaopitia kwao, au aliyeweka amana ya kuidhamini. Kwa mwanachuo, kadi hiyo inakuja mwishoni. Jina linaanza kujengwa mapema zaidi, kwa madeni madogo yanayolipwa kabla ya tarehe. Afisa mikopo haangalii ulikopa kiasi gani. Anaangalia ulilipa lini.

Hatua ya 1: Hakikisha madeni ya jina lako ni yako kweli

Benki zinatakiwa kupeleka taarifa za wakopaji wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Kutoka huko, kampuni zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet, huandaa ripoti ambayo mkopeshaji anaisoma kabla hajakupa hela. Kinachokutambulisha humo ni namba yako ya NIDA, ile ya tarakimu 20.

Sasa fikiria laini za simu. Kila laini imesajiliwa kwa NIDA na alama za vidole, na mikopo ya simu hutolewa na benki zilizo nyuma ya mitandao. Kama mwaka wa kwanza ulimsajilia mwenzako laini kwa kidole chako, naye akakopa na kuitupa laini, deni hilo linasomeka kwako. Piga *106# leo uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute. Fanya hivyo hata kama huna mpango wa kukopa karibuni, maana kijana anaweza kukwama kwa elfu kumi na nane ya laini aliyoisahau wakati anaomba milioni mbili.

Hatua ya 2: Kadi yako ya kwanza iwe ya akaunti ya kawaida

Fungua akaunti ya wanafunzi, na boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu, lipitie humo. Benki nyingi zina akaunti za aina hii zenye makato madogo. Uliza mambo matatu tu: makato ya kila mwezi, gharama ya kutoa kwa wakala, na kama kadi inalipa mtandaoni. Ukihitaji kulipia kitu nje ya nchi, kadi ya mtandaoni inayotolewa na mitandao ya simu inatosha, kwa sababu unatumia hela uliyoweka mwenyewe. Kadi hizi hazijengi historia ya mkopo. Zinachojenga ni taarifa ya akaunti, yaani orodha ya hela zilizoingia na kutoka, na hiyo ndiyo karatasi ya kwanza nitakayokuomba.

Taarifa inayosomeka vizuri ni ile ambayo hela haitolewi yote siku ileile inapoingia.  Ukiuza viatu vya mtumba hosteli, ulivyovichukua soko la Mwanjelwa, mauzo nayo yapitishe benki, hata kama ni elfu ishirini kwa wiki. Miaka mitatu ya mzunguko mdogo unaoeleweka inanishawishi kuliko mpango wa biashara wenye kurasa arobaini.

Hatua ya 3: Kopa kidogo, kwa sababu inayojilipa

Mkopo wa kwanza uchukue kwenye huduma ya simu au ya benki yako, na uwe kiasi ambacho ungeweza kukilipa hata biashara isipotoka. Unakopa elfu hamsini ya mzigo Jumatatu, unauza, unarudisha siku mbili tatu kabla ya muda. Kisha pumzika. Ukikopa tena siku unayolipa, mkopeshaji anasoma kwamba huwezi kuishi bila deni.

Zile huduma za kukukamilishia muamala salio lisipotosha ziache kwa dharura. Ada yake inahesabiwa kwa siku, na boom likichelewa wiki mbili utashangaa deni lilipofika.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kuna mikopo ya kausha damu inayozunguka vyuoni. Mtu anakupa laki moja, umrudishie laki na thelathini baada ya mwezi, na anabaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Boom likiingia, yeye ndiye anayelitoa, na wewe unakopa tena ili ule. Usimwachie mtu yeyote kadi na namba ya siri.

Aplikesheni nazo zichuje. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ikiomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yako, ujue siku utakapochelewa watapigiwa simu mama yako, mchungaji na mhadhiri wako. Kabla ya kupakua, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu.

Hatua ya 4: Ingia SACCOS au kikundi

SACCOS ni chama cha kuweka na kukopa. Kikiwa kimesajiliwa, inatosha. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na watu wanaokufahamu ndio wanaokuwa wadhamini wako. Upatu wa darasani unafundisha nidhamu, lakini hakuna mkopeshaji anayeuona.

Hatua ya 5: Kadi ya mkopo, wakati wake ukifika

Ukipata ajira, anza na hesabu ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwenye laki sita, elfu tisini imeondoka kabla hujapanga chochote. Baada ya hapo ndipo ulinganishe kadi: ada ya mwaka, riba ya mwezi, na siku ngapi unapewa kulipa bila riba. Omba kikomo kidogo.

Mtego mkubwa uko kwenye malipo ya chini, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho benki inakutaka ulipe kila mwezi. Tuseme unadaiwa laki mbili, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na malipo ya chini ni elfu ishirini. Ukilipa hiyo elfu ishirini, inabaki 180,000, kisha riba ya 5,400 inalirudisha deni hadi 185,400. Lipa lote kila mwezi. Na usitoe hela taslimu kwa kadi hiyo, maana kwa kawaida riba yake huanza siku ileile.

Hatua ya 6: Omba ripoti yako kabla mimi sijaiomba

Omba ile ripoti niliyoitaja hatua ya 1, miezi kadhaa kabla ya kuomba mkopo mkubwa. Soma jina, namba ya NIDA, kila mkopeshaji aliyeorodheshwa, salio na siku za kuchelewa. Kosa la kawaida ni deni lililolipwa kuonekana bado wazi. Una haki ya kudai lisahihishwe: andika kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa, ambatanisha uthibitisho wa malipo, na nakala ipeleke kwa kampuni iliyotoa ripoti. Ndiyo maana ujumbe wa simu wa kila rejesho usiufute. Upige picha na uitunze kwenye barua pepe, kwa sababu simu huibiwa.