Lifuatiliwe na Nani? Namna ya Kuendesha Kikao Kisichokula Siku

Mwaka wa tisa huu naandika mihutasari ya vikao katika ofisi ya wakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Siku moja nilipekua daftari langu nikakuta sentensi ileile Jumatatu nne mfululizo: "Suala la kontena la vipuri lifuatiliwe." Lifuatiliwe na nani? Hakuna aliyetajwa. Watu 11 walikaa saa 2 kila Jumatatu, yaani saa 22 za kazi kwa kikao kimoja, na kontena bado liko bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda, mteja analipa. Roho iliniuma, maana mkono ulioandika ni wangu.

Kwa hiyo anzia hapo. Kwenye muhtasari wako yaondoe kabisa "lifuatiliwe", "lishughulikiwe" na "liangaliwe". Andika mtu, kazi na siku: "Afisa nyaraka awasilishe hati halisi za mzigo kabla ya Jumatano saa 6 mchana." Maazimio hayo yaandike kikaoni, usingoje kurudi mezani kwako. Kabla watu hawajainuka, yasome kwa sauti, kila aliyetajwa aitikie mwenyewe. Akisitasita, ujue muda hautoshi au kazi si yake. Rekebisheni papo hapo. Mkifanya hivyo, yatokanayo ya kikao kijacho, yaani kupitia mliyoagizana kikao kilichopita, hayazidi dakika 10: imefanyika, haijafanyika, imekwama wapi.

Ajenda nayo iandike kama swali. "Magari" si ajenda. "Tutengeneze lori la pili au tukodi hadi Desemba?" ndiyo ajenda, kwa sababu mtu atakuja na bei ya fundi mkononi. Isipogeuka kuwa swali, hiyo ni taarifa. Itume kwenye kundi la WhatsApp, watu waendelee na kazi.

Bosi azungumze mwisho. Kwetu hili ni gumu, tumelelewa kumheshimu mkubwa, na mkubwa akishatamka wote tunaunga mkono hoja. Mwombe mapema, mkiwa wawili. Mimi nilimwambia, "Mzee, ukitangulia wewe, hatutakwambia tunayoyaona bandarini." Akakubali. Kikao kilichofuata, dereva mdogo kuliko wote ndiye aliyetueleza kuwa foleni ya getini hupungua alfajiri. Alikuwa analijua hilo siku zote.

Muda ukifika, anzeni na waliopo. Aliyechelewa msimrudishie maelezo, atasoma muhtasari. Chai ije mwisho.

Mengineyo, yaani yale yasiyo kwenye ajenda, ndiyo tundu kikao kinapovujia. Yakusanye asubuhi kabla hamjaingia. Lisilotajwa lingoje Jumatatu nyingine, isipokuwa la dharura.

Na asiyehusika na swali lolote mwache afanye kazi yake. Mhasibu wetu siku hizi anaingia kwa swali lake moja, dakika 15, kisha anarudi kwenye hesabu zake.