Wayaringi ya boila kubwa ya gesi: amua kwanza nani ataiamuru

Ukifungua kifuniko cha boila ya kilowati 100 unakutana na safu ndefu ya terminali, na mkono unawasha kuanza kuunga. Subiri. Jiulize kwanza nani ataiamuru hii boila, maana jibu lake ndilo litakalokuambia terminali zipi utazigusa na zipi utaziacha tupu. Boila nyingi ninazoitwa kuzitazama hazina ubovu wowote. Shida yake ni kuwa na mabwana wawili: thamostati ya ukutani inasema zima, kompyuta ya jengo inasema washa. Na mafahali wawili hawakai zizi moja.

Nazungumzia upande wa umeme wa udhibiti tu. Bomba la gesi, presha yake na uwiano wa gesi na hewa ni kazi ya fundi mwenye leseni ya gesi. Kama leseni huna, usiguse.

Hatua ya 1: Chagua njia ya udhibiti

Iliyo rahisi kuliko zote ni washa-zima. Thamostati au saa inafunga kontakti kavu, yaani swichi isiyoleta umeme wake yenyewe, na boila inawaka. Hasara ni kwamba maji yanapashwa hadi kiwango kilekile, tuseme nyuzi 80, hata siku ambayo 50 zingetosha. Kwa boila za kisasa zinazokamua joto la mwisho kwenye moshi, huo ni upotevu mtupu. Mvuke ulio kwenye moshi wa gesi asilia huanza kugeuka maji karibu na nyuzi 55; maji yanayorudi kwenye boila yakiwa na joto zaidi ya hapo, faida uliyolipia inatoka na bomba la moshi.

Ndiyo maana jengo lisilo na kompyuta ya usimamizi mimi hulifungia sensa ya nje. Boila inapima baridi ya nje na kujipangia joto la maji kwa kufuata mstari uliouweka. Mfano: nje ikiwa nyuzi 15, maji yawe 35; nje ikiwa -5, maji yawe 75. Hapo kila nyuzi moja ya baridi inayoongezeka nje inapandisha maji kwa nyuzi 2. Ifunge sensa kwenye ukuta usiopigwa na jua, mbali na madirisha na matundu ya kutolea hewa ya moto.

Njia ya tatu ni volti 0 hadi 10 kutoka kwenye kompyuta ya jengo, na hapa ndipo watu wanapoumia. Volti hizo zinaweza kuamuru joto la maji au nguvu ya moto, kutegemea ulivyopanga kwenye menyu. Tuseme umepanga volti 2 ziwe nyuzi 20 na volti 10 ziwe nyuzi 80: kila volti moja ni nyuzi 7.5, kwa hiyo volti 6 ni nyuzi 50. Sasa kompyuta ikituma volti 6 ikimaanisha nyuzi 50, na boila imepangwa kuzisoma kama asilimia 60 ya nguvu, moto hautapungua maji yakifika 50. Utaendelea mpaka kikomo cha boila yenyewe. Boila ikiwa moja, mimi huamuru joto. Nguvu naiachia kidhibiti kinachosimamia boila kadhaa kwa pamoja.

Njia ya nne ni Modbus, lugha ya kidijitali ambayo boila na kompyuta ya jengo huzungumza kupitia waya. Ina faida ya kukusomea hata namba za hitilafu. Kila boila ipe anwani yake, weka rizista ya omu 120 kwenye ncha mbili za mwisho za laini, kisha panga boila ifanye nini mawasiliano yakikatika.

Hatua ya 2: Umeme mkuu

Zima sakiti breka, ifunge kwa kufuli, kisha pima kwa multimita. Tesita ya bisibisi usiiamini. Unga laivu kwa laivu, nyutro kwa nyutro, na ethi iliyokaza.

Niliwahi kuikuta boila inayowaka sekunde chache kisha inazima na kujifunga. Aliyenitangulia alishabadilisha elektrodi, ile fito inayohisi moto, mara mbili. Kumbe laivu na nyutro zilikuwa zimepishana. Boila hutambua moto wake kwa mkondo mdogo sana, mikroampea chache tu, unaopita ndani ya moto kwenda ethi. Ukizipisha nyaya, boila nyingi hazioni moto hata kama wewe unauona kwenye kidirisha. Nilizigeuza nyaya mbili, nikafunga kifuniko.

Hatua ya 3: Mnyororo wa usalama

Swichi ya presha ya maji, swichi ya presha ya gesi, kikomo cha joto cha kurudishwa kwa mkono na kitufe cha dharura vinaungwa kwa mfuatano, kila kimoja kikiwa kimefunga sakiti wakati wa hali ya kawaida. Waya ukikatika popote, boila inazima. Kiwandani huwa wameweka jampa, kipande cha waya kinachoziunganisha moja kwa moja, kwenye terminali hizo: itoe. Jampa iliyosahaulika humaanisha swichi zako zote ni mapambo.

Hatua ya 4: Pampu

Soma ampea za pampu na uwezo wa rilei ya boila. Pampu ikizidi, au ikiwa ya fezi tatu, rilei iendeshe kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, na kontakta iendeshe pampu. Acha pampu izunguke dakika chache baada ya moto kuzima, maji yasichemke ndani.

Hatua ya 5: Nyaya za ishara

Terminali ya kontakti kavu ikipelekewa volti 230, bodi inaweza kuungua palepale. Kwa ishara za volti 0 hadi 10 tumia kebo yenye wavu wa kinga, wavu uungwe ethi upande mmoja tu, na usiilaze pamoja na nyaya za nguvu. Kuna boila iliyokuwa ikijiwasha usiku bila amri. Nilipopima nikakuta volti 1.6 zinazozurura, zimeokotwa kutoka kebo ya pampu yenye inveta, kifaa kinachobadilisha kasi ya pampu.

Hatua ya 6: Jaribu

Washa, kisha ivunje kwa makusudi: chomoa waya wa kila swichi ya usalama, mmoja mmoja, uone boila inazima. Tuma volti 0, 3, 6 na 10, ulinganishe na kinachosomeka kwenye skrini. Mwisho itazame siku yenye mahitaji madogo. Boila ya kilowati 100 inayoweza kushuka hadi 20, kwenye jengo linalotaka 8, itawaka na kuzima bila kupumzika. Ongeza muda wa kusubiri kati ya mwasho na mwasho, na uhesabu mara inazowaka kwa saa moja kabla hujafunga sanduku la zana.